Waliokaa Ndani ya Jina la Ojera

Adong alipokataa waombolezaji wawekwe kando, Cleopas Wamalwa hakubishana naye. Mwanamke huyo alikuwa amefiwa na mume majuzi tu. Aliketi kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya Cleopas huko Bukoto, Kampala, juu ya duka la misumari na mabati, na mikono yake ilinukia mukene, vile visamaki vikavu anavyouza sokoni Kalerwe. Alitaka ukurasa wa mtandao wa mumewe Ojera, aliyefia Uarabuni akiwa mlinzi wa ghala. Cleopas alimchorea kwenye karatasi: jina hapa juu, picha hapa, na huku pembeni maneno ya watu.

"Pembeni kwa nini?" Adong aliuliza.

"Ndivyo kurasa zinavyopangwa, Mama Docus. Jina peke yake, maneno ya watu peke yake."

"Kwetu mtu akifa, watu hawaji kukaa barabarani. Wanaingia uwanjani kwake. Wanakaa ndani, wanalala ndani, mpaka siku ya kuondoka. Waweke ndani ya jina lake."

Nasike, Mkenya mwenzake Cleopas aliyekodi naye ofisi hiyo, alicheka nyuma ya kompyuta yake. "Wamalwa, mfanyie anavyotaka. Nani atafungua ukurasa achungulie matumbo?"

Basi akafanya alivyoombwa. Mambo yote yalianzia hapo, kwa hiyo afadhali nieleze.

Kinachoonekana kwenye kioo cha simu ni ngozi tu. Chini yake ukurasa ni vitu vilivyotiwa ndani ya vitu, kama sufuria zinavyopangwa dukani, ndogo ndani ya kubwa, na nyingine ndogo zaidi ndani ya hiyo ndogo. Wenye kazi hiyo huita kila sehemu nodi. Nodi huzaa nodi, na ukoo wote huo wanauita mti. Cleopas alitengeneza nodi moja, akaipa jina ojera. Akaandika humo jina la marehemu, na ndani ya nodi hiyohiyo, chini ya jina, akaacha nafasi ya kila mwenye neno.

Kuhusu maneno ya watu, Cleopas alikuwa na mwiko wake. Siku za nyuma mhuni mmoja aliandika amri za kompyuta badala ya rambirambi katika ukurasa wa mteja mwingine, na kabla ya jua kuzama ukurasa wa marehemu ukawa unatangaza kamari. Tangu hapo Cleopas aliweka kila kitu kama maandishi matupu. Ukiweka maandishi matupu katika nodi, hata mtu akiandika amri, amri hubaki herufi. Haiamki, haitembei. Ni njia salama, ila ina tabia yake. Ukiiambia nodi kwamba maandishi yako sasa ni haya, hutii kabisa. Hutoa kila kilichokuwa ndani yake, mkubwa na mdogo, ikabaki na yale maneno uliyoipa. Kila anayeanza kazi hiyo hufundishwa jambo hili, na Cleopas alilijua kama anavyolijua jina la mama yake.

Adong hakuutaka ukurasa kwa ajili ya picha wala maua. Kampuni iliyomwajiri Ojera ilituma jeneza lililofungwa, na barua ya mistari michache ikisema marehemu alijinyonga bwenini. Katika ukoo wa Ojera, watu wa Lango, aliyejinyonga hazikwi kama wengine. Hakuna ngoma wala kilio. Mti alioning'inia hukatwa na kuchomwa moto, na jina lake hapewi mtoto. Wazee walimzika kimya pembeni mwa shamba, wakasema matanga yatangoja hadi ijulikane alikufaje. Docus, binti yake aliyekuwa shule ya msingi, alianza kuambiwa na wenzake asishike kikombe chao.

"Wenzake Ojera wanajua," Adong alimwambia Cleopas. "Ila wanaogopa. Wape mahali pa kusema bila majina. Wakisema alikufa kifo cha Mungu, wazee watasikia."

Wakasema. Mmoja aliandika kwamba Ojera alisimamishwa juani zamu mbili bila kupumzika, akaanguka getini. Mwingine alisema jamaa alikuwa na homa siku nyingi na bosi alimwona mvivu. Mwingine alikumbuka jinsi Ojera alivyoimba akifua. Walifika watano kwa muda wa mwezi, na wote walikubaliana kuhusu jua na lango. Adong mwenyewe alikuwa na simu ya vitufe, kwa hiyo kila ujumbe ulipoingia alipanda ngazi za Bukoto na ndoo yake tupu, akasoma kwenye kompyuta ya Cleopas, kisha akasoma tena. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayejifunza sala.

Halafu akaja wa sita.

"Mimi nililala kitanda cha juu yake," aliandika. "Ni mimi nilimshusha. Alikuwa ameomba ruhusa aje kumwona mtoto wake aliyelazwa, bosi akamwambia pasipoti imefungiwa kabatini na mkataba haujaisha. Asubuhi ile alinipa chai yake, akasema leo kunywa yote. Niliukata mkanda kwa kisu cha jikoni, nikakaa naye sakafuni mpaka walipokuja. Hao wanaosema alianguka getini hawakuwepo. Wanasema hivyo kwa upendo. Mwenye ndugu huku amwambie asitoe pasipoti yake. Ojera, nisamehe. Nilikuwa nimelala."

Adong aliyasoma akiwa amesimama. Ni yeye aliyempigia Ojera simu kumwambia kwamba Docus amelazwa kwa malaria.

"Toa hii," alisema.

"Mama Docus, ulisema kila mwenye neno aingie."

"Nilisema waombolezaji. Huyu si mwombolezaji. Huyu ameingia uwanjani na kamba."

"Huyu amemlilia kuliko wote."

"Wewe unajua kulia kwa watu? Wewe unajua kompyuta!"

Cleopas alikataa. Alisema akimtoa mmoja leo, kesho hakuna atakayewaamini waliobaki. Alilisema kwa upole, lakini hakulibadilisha. Adong alichukua ndoo yake akashuka bila kuaga, na hata Cleopas alipopita Kalerwe kununua mboga, mama huyo alijifanya anapanga mukene zake.

Siku ya wazee kusikiliza maneno hayo ilipokaribia, alipanda ngazi za Bukoto mzee mmoja mwenye viatu vilivyong'arishwa hadi vikaonyesha dari. Alikuwa Okwir, ndugu wa baba yake Ojera, sajini mstaafu wa polisi anayeishi Kawempe. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Mkubwa hapa ni nani?" aliuliza.

"Mkubwa hapa ni umeme, mzee," Nasike alijibu. "Akija tunafanya kazi, akiondoka tunasalimiana."

Okwir hakucheka. Alivuta kiti, akavaa miwani, akataka aonyeshwe ukurasa wa mtoto wake. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kama alivyokuwa akisoma maelezo ya washtakiwa. Alipofika kwa shahidi wa sita kidole kilisimama. Kilikaa hapo kwa muda, halafu kikaendelea polepole hadi mwisho. Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Jina nakaa vibaya," alisema.

"Vibaya vipi, mzee?"

"Ojera alikuwa polisi kabla ya kwenda kule. Alikuwa Koplo. Wewe naandika Ojera, Ojera, kama mwizi wa kuku. Wazee nakuja Jumamosi kutoka kwetu Lira. Andika Marehemu Koplo Ojera."

"Nitaandika. Na haya mengine, mzee?"

Okwir alikuwa ameshasimama. "Mimi nimekuja kwa cheo," alisema. "Mengine sikutumwa."

Cleopas aliifanya kazi hiyo kesho yake, katikati ya kazi nyingine. Mwenye duka la sare za shule alikuwa kwenye simu akilalamika kuhusu rangi ya kijani, na Nasike alikuwa akimwita aje aone chaja inatoa moshi. Cleopas alikuwa na programu ndogo aliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya kubadilisha vichwa vya kurasa za wateja wake wote. Huufungua ukurasa, huupasua ukawa mti wa nodi, huitafuta nodi kwa jina lake, huweka maandishi matupu mapya, kisha huushona ukurasa na kuurusha mtandaoni. Kwa wateja wote kichwa kilikaa katika nodi yake, peke yake, hakina mtu ndani. Aliiambia itafute ojera. Akaandika, Koplo Ojera. Akarusha. Papo hapo akakumbuka kwamba mzee alitaka na neno Marehemu, akarudia: Marehemu Koplo Ojera. Akarusha tena.

Kwenye simu yake jina lilionekana kubwa na zuri, limejaa kioo chote. Hakuvuta kioo kutazama chini. Alienda kuiona chaja.

Alhamisi asubuhi Adong alipanda ngazi akikimbia, aproni ya sokoni ingali kiunoni. Jirani yake wa kibanda cha nyanya alikuwa amemfungulia ukurasa kwenye simu yake.

"Wako wapi?"

"Akina nani, Mama Docus?"

"Watu wangu. Wako wapi?"

Cleopas alifungua. Jina lilikuwepo, pamoja na cheo chake. Chini yake kulikuwa kweupe. Akafungua nakala ya akiba ambayo kompyuta huiweka kila ukurasa unaporushwa, nakala ya ukurasa uliotangulia. Humo alikuta Koplo Ojera, na chini yake kweupe vilevile. Kurusha mara ya kwanza kulikuwa kumewatoa watu, na kurusha mara ya pili kulikuwa kumeitoa nakala yao. Nasike alisogea, akaangalia kwa juu ya bega lake.

"Niliandika jina upya," Cleopas alisema.

"Na watu?"

"Walikuwa ndani ya jina."

Adong alimtazama kama anayengoja sentensi iishe. Ilikuwa imekwisha. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akafunika mdomo kwa aproni, mabega yakaanza kutikisika bila sauti. Cleopas alijaribu kumweleza. Aliuliza kama hawezi kuwapata wale wenzake Ojera waandike tena, lakini alijua jibu kabla hajamaliza kuuliza: hawakuacha majina wala namba, kwa kuwa ndivyo walivyoahidiwa.

Baada ya muda Adong aliteremsha aproni.

"Wote?" aliuliza.

"Wote."

"Hata yule?"

"Hata yule."

Chini dukani mtu alikuwa akikata bati, na makelele yake yalipanda mpaka ndani.

"Ulikataa kumtoa peke yake," Adong alisema. "Ukaenda ukawatoa wote."

"Ni kosa, Mama Docus. Naapa kwa Mungu, ni kosa la mkono wangu."

"Kale, sawa. Kosa la mkono wako litarekebishwa na mdomo wangu. Kaa. Andika."

Akaanza kusema. Alisema maneno ya yule wa kwanza, na salamu zake, na jinsi alivyoanza kwa kuomba radhi kwamba hajui kuandika vizuri. Alisema ya wa pili. Alikumbuka hata pale mmoja alipoandika neno lilelile mara mbili kwa haraka. Cleopas, aliyeidhinisha kila ujumbe kwa mkono wake, hakupata pa kumsahihisha. Safari hii alimjengea kila mwombolezaji nodi yake, na jina akalipa nodi yake, na alipomaliza kila mmoja alitoa nakala na kuiweka pembeni. Adong alipofika mwisho wa yule aliyekumbuka nyimbo za kufulia, alisimama, akafunga aproni upya.

"Wamekwisha," alisema.

Vidole vya Cleopas vilikuwa bado juu ya herufi. "Walikuwa sita."

"Nisikilize, kaka. Nilikuomba umtoe, ukakataa. Nilikasirika lakini nilikuheshimu. Sasa ametoka, na hukumtoa wewe kwa kusudi, wala mimi. Ila kumrudisha, hiyo itakuwa ni wewe."

Akachukua ndoo yake. Mlangoni aligeuka. "Docus anakula peke yake shuleni," alisema. "Peke yake, na kikombe chake."

Alipokwenda, Cleopas alikaa akitazama nafasi iliyo chini ya shahidi wa tano. Hakuhitaji mtu wa kumtajia maneno ya wa sita. Alikuwa anayajua yote, tangu kitanda cha juu hadi nisamehe. Miongoni mwa yote yaliyopotea, hayo tu ndiyo yaliyokuwa yamekaa kichwani mwake mwenyewe.

"Wacha, Wamalwa," Nasike alisema. "Umevunja chungu. Usimvunje na mwenye chungu."

"Ni maneno ya mtu, Nasike."

"Mtu gani? Ana jina? Huyu mama ana jina. Mtoto wake ana jina."

Cleopas aliurusha ukurasa ukiwa na watano.

Jumamosi wazee walikaa uwanjani kwa Okwir, Kawempe, kwenye viti vilivyoazimwa kanisani. Mkubwa wao alikuwa Odyek, mzee mwembamba mwenye jicho moja lenye ukungu, na jicho hilo ndilo alilokutazama nalo. Adong alikaa chini kwenye mkeka, Docus akiwa amemlalia mapajani. Cleopas aliweka laptopu yake kwenye stuli akasoma kwa Kiswahili, na Okwir akatafsiri kwa Kilango. Jua, homa, zamu mbili, lango. Wanawake walitikisa vichwa. Mzee mmoja alimtukana bosi wa Uarabuni matusi ambayo Okwir hakuyatafsiri, lakini Cleopas aliyaelewa.

Alipomaliza, Odyek aliuliza kupitia Okwir: "Kijana huyu wa Kenya ni ndugu yetu?"

"Hapana, mzee."

"Ni mkwe?"

"Hapana."

"Vizuri. Basi hana sababu ya kutudanganya. Muulize, haya ndiyo maneno yote yaliyowekwa humo tangu mwanzo?"

Okwir alitafsiri swali hilo polepole, akimtazama Cleopas usoni, na Cleopas akaona kwamba mzee huyo anajua. Kidole kile kilikuwa kimesimama ofisini Bukoto. Alimtazama Adong. Adong alikuwa anasuka upya nywele za mtoto ambazo hazikuwa zimefumuka.

"Ndiyo yote," Cleopas alisema.

Odyek alilielewa hilo bila kutafsiriwa. Akageuza jicho lake la ukungu kwa Okwir. "Na wewe, polisi. Uliyasoma kabla?"

Okwir alikuwa mtu aliyewahi kumfikisha mdogo wake mwenyewe mbele ya hakimu kwa sababu ya baiskeli ya wizi. Watu wa Kawempe walikuwa wakimcheka kwa hilo, naye alilivaa kama medali. Alisimama wima katika viatu vyake vinavyong'aa, taya likicheza.

"Niliyasoma ofisini kwake," alisema. "Ni hayo."

Basi ikawa. Odyek alitamka kwamba Ojera alikufa kazini, kifo cha mtu, na kwamba matanga yake yataondolewa kwa ngoma kabla ya mvua kuanza. Hapo ndipo Adong alipolia. Alilia kwa sauti, na wanawake wote wakampokea, kwa kuwa sasa kilio kilikuwa na ruhusa. Docus aliamka akashangaa, naye akalia kwa sababu mama yake analia. Okwir alipita karibu na Cleopas akielekea nyuma ya nyumba. "Koplo nakaa vizuri sasa," alisema, bila kumtazama. Hawakuzungumza tena.

Matanga yalifanyika. Adong alirudi kutoka Lira na furushi la simsim, ufuta wa kwao, akalileta Bukoto, akaliweka mezani kwa Cleopas kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umenenepa kidogo. Alisema mtoto wa shemeji yake aliyezaliwa wiki ile ameitwa Ojera. Nasike alikula simsim nyingi, Cleopas akala kidogo.

Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza mtu mmoja alipogonga mlango saa za mchana. Alikuwa kijana mfupi, mpana wa kifua, amevaa koti la joto ambalo halikufaa kwa Kampala, na chini ya mkono alishika begi dogo la safari ambalo kibandiko cha uwanja wa ndege kilikuwa bado kimening'inia.

"Mimi ni Mumbere, mtu wa Kasese," alisema. "Natafuta anayetunza ukurasa wa Ojera."

"Ni mimi."

"Nimefika juzi. Jana nimefungua ukurasa. Nimevuta mpaka chini, nimerudia, nikafikiri ni simu yangu. Nimekuja kuuliza maneno yangu."

Nasike aliinuka, akasema anaenda kununua chapati, akafunga mlango nyuma yake.

Cleopas alimwonyesha kiti cha plastiki. Alimweleza yote bila kuficha: jina, nodi, maandishi matupu, nakala iliyofuta nakala, mdomo wa Adong, wazee. Mumbere alisikiliza mikono yake ikiwa katikati ya magoti. Ilikuwa mikono mikubwa, na hakujua pa kuiweka.

"Kwa hiyo wamekubaliana kwamba alianguka getini," alisema.

"Ndiyo."

"Basi niambie wewe unayejua. Kama alianguka getini, mimi nilimshusha nani?"

Cleopas alisukuma kibodi pembeni.

"Kila siku namhisi," Mumbere aliendelea. "Hapa begani. Mtu aliyekufa ni mzito, bwana, hawakuambii hivyo. Kule hakuna ninayeweza kumwambia. Nikayaweka kwenye ukurasa wenu, nikaona, sawa, sasa kuna mahali yanakaa. Nilikuwa nikilala baada ya hapo. Na sikuandika kwa ajili yangu tu. Bosi yule bado ana kabati. Vijana waliofika baada yetu wamekwisha kumpa pasipoti zao, na wanalala chini ya boriti ileile. Nilisema mwenye ndugu kule asome."

"Naweza kuandika habari ya pasipoti mahali pengine. Bila jina la Ojera."

"Bila jina la Ojera ni maneno ya mlevi. Nani ataamini?"

Mvua iligonga mabati ya dukani chini.

"Unayakumbuka?" Mumbere aliuliza. "Maneno yangu?"

"Yote."

"Niandikie niyaone."

Cleopas alifungua mti wa ukurasa, akaongeza nodi ya sita ndani ya uwanja wa Ojera, akaweka maandishi. Hakusimama kufikiri hata mara moja. Mumbere aliinama akayasoma, na alipofika kwenye kisu cha jikoni alitingisha kichwa kukubali, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba ya kwao. Alisoma hadi mwisho. Alipangusa uso wote kwa kiganja, tangu paji hadi kidevu.

"Walipiga ngoma?" aliuliza.

"Walipiga."

"Na mtoto? Alipona ile malaria?"

"Alipona. Sasa watoto wanacheza naye."

Cleopas alisogeza kishale ili afunge, na katikati ya kioo kikatokea kisanduku kidogo cha kijivu.

"Inasema nini?" Mumbere aliuliza.

"Inauliza kama tunataka kuhifadhi."

Mumbere alikaa muda mrefu akikitazama kile kisanduku. Cleopas aliondoa mkono wake mezani akauweka pajani, ili asionekane anamharakisha, na kwa sababu nyingine ambayo hakutaka kuitaja hata moyoni mwake: alitaka jibu litoke kwa mtu mwingine.

"Iambie hapana," Mumbere alisema.

Cleopas akaiambia hapana. Uwanja wa Ojera ukabaki na waombolezaji watano na lango lenye jua.

Mumbere alinyanyuka, akaliweka begi chini ya mkono. Mlangoni alikutana na Nasike anayerudi na chapati zake ndani ya gazeti lililoloa.

"Nyabo," alimwuliza kwa heshima, "kwenda Kalerwe nashukia wapi? Nataka kununua mukene."

"Mvua hii yote, kwa sababu ya mukene?"

"Kuna mama mmoja anauza. Ojera alikuwa akimsifu sana, kila siku, kitandani. Nataka nimwone tu. Sitasema mimi ni nani."

Nasike alimtazama Cleopas. Cleopas alikuwa ameinamisha kichwa. Akamwelekeza mgeni njia, na wote wawili wakasikiliza viatu vyake vikishuka ngazi, polepole, kama vya mtu aliyebeba kitu kizito begani.